Nililia na bodi ya kamera mwaka mzima, kumbe nilikuwa na njaa ya lenzi

"Mwanangu, hizi picha mbona zina mchanga?"

Hilo swali aliniuliza mama wa bi harusi mmoja wa Sinza, mwaka 2019, kashika simu yangu anaikuza picha kwa vidole viwili mpaka sura ya mdogo wake ikajaa skrini nzima, na kweli bana, mchanga ulikuwepo. Sisi wapiga picha tunaita chenga, yeye kaita mchanga na mi naona kapatia kuliko sisi. Nikajitetea, nikamwambia mama ukumbi ule taa zake hafifu, akaniangalia tu akasema "mbona ya yule kijana mwenye simu zimetoka vizuri". Hapo sikuwa na jibu. Nilishika daladala kurudi nyumbani nikiwa nimeshaamua moyoni, hii kamera inaondoka.

Naomba niseme mapema kabisa, kamera yenyewe haikuwa na kosa. Ni Canon EOS 700D, ya mwaka 2013, nilinunua mtumba nikiwa naanza, na lenzi yake ile inayokuja nayo kwenye boksi, zumu ya 18-55 STM, kwenye 18 inaona pana na kwenye 55 inavuta karibu. Mchana inapiga picha safi tu, nimepigia passport, nimepigia mahafali, nimepigia kipaimara, hakuna aliyewahi kulalamika. Shida inaanza saa mbili usiku MC akisema "jamani tunaomba taa zipunguzwe maharusi waingie". Pale ndo jasho linaanza kunitoka, maana mi nazungusha ISO, ule usikivu wa kamera kwa mwanga, mpaka 6400, nashusha shata, ule muda wa kuingiza mwanga, mpaka 1/30 ya sekunde, na bado picha inatoka giza, basi nikifika nyumbani kwenye kompyuta naivuta iwe angavu kwa nguvu, na ukiivuta vile ndo mchanga wote unatoka ulikojificha. Halafu nilikuwa na kaugonjwa kengine, naogopa shela jeupe lisiungue basi natoa mwanga kidogo makusudi, shela linapona, nyuso zetu weusi zinazama kabisa, nikija kuziinua naokota chenga tu.

Sa mi nikawa nataka Canon 6D. Ful fremu, yaani yenye sensa kubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kijiweni kwetu mtu akisema ana ful fremu mnampisha akae. Nilikuwa nacheza mchezo na wenzangu wa mtaani, zamu yangu ilikuwa inakuja mwezi wa tisa, nikawa nalala naiota, naangalia video za watu wanaoisifia mpaka bando linaisha. Jambo ambalo sikuwahi kujiuliza hata siku moja ni kwamba ile 6D ilitoka mwaka 2012, yaani ni dada mkubwa wa kamera niliyokuwa nayo mkononi. Mi naiita "kamera mpya" huku ina umri kuliko yangu.

Kabla hela haijatoka nikapita Kariakoo kwa mzee mmoja fundi wa kamera, nia yangu ilikuwa anisaidie tu kuuza 700D kwa bei ya kueleweka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo imeanguka tena?"

"Hapana mzee, leo nataka kuiuza, nichukue 6D."

Hakuniuliza kwa nini. Akasema nionyeshe picha mbaya kuliko zote ulizonazo, nzuri usinionyeshe. Nikamfungulia ile ya Sinza, ya mdogo wake mama wa bi harusi, mi namwita shangazi. Akabonyeza kitufe cha info, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama daktari anasoma cheti: shata 1/30, ISO 6400, f/5.6, yaani upana wa tundu la lenzi, namba ikikua tundu linabana, lenzi imevutwa mpaka 55. Akavua miwani. "Kijana, unaangalia harusi kupitia tundu la ufunguo halafu unalaumu macho."

Ndo ikaanza darasa, bure kabisa, na mpaka leo nadhani lile darasa lina thamani kuliko kamera zote nilizowahi kushika. Lenzi yangu ukiwa kwenye 18 inafunguka mpaka f/3.5, sawa, lakini ukivuta zumu mpaka mwisho inaishia f/5.6, na mi ukumbini navuta mpaka mwisho kila saa maana maharusi wako mbali stejini. Akaniambia lenzi ya 50mm ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo unaoingia kwenye f/5.6. Mara 10, siyo mara mbili. Sensa ya 6D ni kubwa kweli, kama mara mbili na nusu ya yangu kwa eneo, na hiyo inasaidia chenga, hakukataa. Ila akaniwekea kwenye karatasi ya risiti: bodi, yaani kamera bila lenzi, ingenipa stopu moja na kitu, lenzi ingenipa stopu tatu na kitu, na kila stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili. Halafu akafanya hesabu ya ileile picha ya shangazi, ukifungua f/2 tu, hata usifike 1.8, unapata stopu tatu, mbili unazipeleka kwenye shata inatoka 1/30 inakuwa 1/125, moja unaipeleka kwenye ISO inashuka 6400 kuja 3200. Kamera ileile. Mpigaji yuleyule.

Na shata hiyo ndo ilikuwa nusu ya ugonjwa wangu na mi sikujua, kumbe nyingi nilizokuwa naziita chenga zilikuwa zimetikisika. Nilijiamini kwa sababu lenzi yangu imeandikwa IS, nikidhani inazuia kila kitu. Mzee akacheka. IS inatuliza mkono wako wewe, haimtulizi bibi anayecheza. Shangazi alikuwa anatunza huku anakata kiuno, kwa 1/30 hata ukifunga kamera kwenye nguzo ya umeme shangazi atatoka na sura tatu.

Kilichonimaliza kabisa ni hela. Nilikuwa nimepiga hesabu ya bodi tupu, sikuhesabu kwamba lenzi yangu ni EF-S, aina ya kamera za sensa ndogo, na kwenye 6D haiingii, haikai kabisa, yaani ningeenda nyumbani na ful fremu halafu naichungulia bila lenzi. Betri zangu mbili za akiba ni LP-E8, ile inatumia LP-E6, kwa hiyo hazifai. Halafu 6D haina hata kale kaflashi ka juu, na mi flashi ya nje sikuwa nayo. Memori kadi tu ndo ingebaki na mimi. Milioni moja na nusu ya mchezo ingeisha yote na nisingeweza kufanya kazi Jumamosi inayofuata.

Basi nikatafuta 50mm 1.8 STM ya mtumba. Ya kwanza niliyoletewa nilikuwa nimeshaipenda, nje inang'aa kama jana imetoka kiwandani, mzee akaniambia washa tochi ya simu, mulika kutokea nyuma, angalia ndani kwa pembeni. Nikaona vinyuzi vyembamba kama utando wa buibui mdogo, vimejikunja kwenye kioo. Kuvu. Hapa Dar na joto hili na unyevu wa bahari, lenzi ikilala kwenye begi la ngozi lililofungwa miezi sita inaota kuvu kama mkate, na kuifungua isafishwe gharama yake inakaribia kununua nyingine. Tangu siku ile lenzi zangu zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye viatu na mikoba, naviokota popote nikivikuta, mke wangu kashanizoea. Kuna watu wanaweka mchele. Mi siweki, mchele una vumbi.

Ya pili ilikuwa safi, laki mbili na ishirini. Gramu 160 hivi, nyepesi mpaka unaona kama umeuziwa kopo.

Harusi ya kwanza nayo, Mbagala, nilikuwa kama mtoto kapewa baiskeli. Kila kitu f/1.8! Ukumbi uleule wa taa hafifu ukawa unatoka kama mchana wa jioni, zile taa ndogo za mapambo nyuma zinageuka vidonge vya rangi, fokasi nayo inakamata haraka kidogo maana kamera inatafuta fokasi lenzi ikiwa imefunguka yote, mwanga ukiwa mwingi inaona. Nikawa nawaonyesha watu kwenye skrini pale pale na kujichekesha. Nimefika nyumbani ndo nikakuta bi harusi kope zinahesabika, bwana harusi kawa ukungu. Picha baada ya picha. Amesimama nyuma ya mkewe nusu hatua tu na kapotea. Baadaye ndo nikaelewa, ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu na umefungua 1.8 kwenye kamera kama ile, sehemu inayokaa kwenye fokasi ina unene wa kama sentimita 11, upana wa kiganja. Ukilenga jicho la mmoja, mwenzake aliye nyuma kidogo ndo basi tena. Na ile picha ya ukoo, safu tatu, wazee wamekaa mbele, hiyo sitaki hata kuikumbuka, wazee wako vizuri na wajukuu wote mizimu.

Kwa hiyo nikajifunza kuwa ile namba ndogo siyo lazima uitumie kila saa. Wawili naenda f/2.8, familia naenda f/5.6 na flashi, nikanunua flashi ya mtumba mwezi ule ule kwa chenji ya mchezo. Flashi nayo ina mambo yake, ukiwa nyumbani kwa watu dari ni jipsamu nyeupe unairusha juu inarudi laini kabisa mpaka raha, ukiwa ukumbini wapambaji wamefunika dari lote kwa kitambaa cha zambarau, unarusha mwanga mweupe unarudi zambarau, kamati nzima inatoka kama wamevimba. Na zile taa za LED za pinki na bluu ambazo siku hizi kila ukumbi unazo, hizo nisikudanganye, hakuna lenzi wala bodi, mtu akiwa ndani ya pinki tupu rangi ya ngozi haipo kabisa hapo ya kuokoa. Mi namfuata MC mapema kabisa namwomba, kaka, wakati wa keki na wakati wa pete niwekee taa nyeupe dakika mbili tu. Bure na inafanya kazi kuliko laki tano.

Sa twende kwenye kosa langu kubwa, maana mpaka hapo naonekana nilikuwa mjanja.

Mama yule yule wa Sinza, Mungu amjalie, alinipa nafasi nyingine, harusi ya mtoto wa pili, nikapige bi harusi anavyopambwa nyumbani. Nikaenda na 50 yangu kifua mbele, ile 18-55 nimeiacha nyumbani nikisema sitaihitaji tena maishani. Sebule ile, unazijua sebule zetu, makochi seti nzima, meza ya kioo katikati, kabati la televisheni, friji nalo liko sebuleni maana jikoni hakuna soketi, na humo ndani kuna shangazi wawili, mpambaji, dada wa kuchora piko na watoto wasio na idadi. Bi harusi kasimama na gauni lote. Nikainua kamera, naona kiuno mpaka kichwa. Nikarudi nyuma, naona magoti. Nikarudi, mgongo ukagonga friji. Ndo mwisho wa nchi. Nikafungua mlango nikatoka nje nikawa napigia barazani huku shangazi anashikilia pazia, na gauni bado limekatwa chini.

Kwenye 700D, kwa vile sensa yake ni ndogo, 50mm inabana, inakuwa kama 80mm, na kumpata mtu mzima kuanzia kichwa mpaka viatu unahitaji zaidi ya mita 4. Sebule yenyewe ndo mita 4, toa makochi. Sikuwa nimewaza hata dakika moja kuhusu hilo, nilikuwa nimewaza mwanga tu kwa sababu ndo ulionitia aibu.

Na ningeweza kujua bila kununua chochote, hilo ndo linaniuma. Kila picha inahifadhi ndani yake lenzi ilikuwa kwenye ngapi. Baada ya ile siku nilikaa na kompyuta nikapitia harusi zangu tatu za nyuma, nikakuta picha za ukumbini nyingi ni 55 kweli, lakini picha za nyumbani karibu zote niko 18 mpaka 24. Yaani jibu lilikuwa kwenye kompyuta yangu miaka miwili. Kuna na njia nyingine ya kishamba lakini naipenda, chukua zumu uliyonayo iweke kwenye 50 au kwenye 24, izungushie selotepu isigeuke, tembea nayo wiki nzima, kapige ndani, kapige sokoni, ukikuta unaichukia basi usinunue. Vijana wakiniuliza huwa naanza na selotepu kabla ya bei.

Nikadunduliza miezi minane nikachukua Sigma 17-50 ya f/2.8, inafunguka 2.8 kuanzia mwanzo wa zumu mpaka mwisho, haikunyang'anyi mwanga ukivuta. Hiyo ndo ikawa jembe la kazi, 50 nikaibakiza kwa picha za uso na saa za giza nene. Nilipiga hivyo mpaka 2022 na hakuna mtu alisema tena mchanga, kwa kamera ileile niliyotaka kuiuza kwa hasira.

Sitaki sasa nionekane nasema bodi ni ujinga, maana watu wakishanunua lenzi wanageuka wahubiri. Bodi nilibadilisha, ila safari hii nilikuwa na sababu mbili ambazo lenzi hata ingekuwa ya dhahabu isingezitibu. Ya kwanza, send-off moja Temeke memori kadi ilikufa katikati ya sherehe, baba anamkabidhi binti na kadi inaniambia haisomeki. 700D ina nafasi ya kadi moja. Nilirudisha nusu ya hela na nikaomba radhi nikiwa nimepiga magoti, na sitanii, nilipiga magoti. Ya pili ni fokasi, pale gizani nilikuwa naamini pointi ya katikati tu, nalenga jicho halafu nasogeza kamera nipange fremu, na kwenye f/1.8 ule msogeo mdogo tu unatosha jicho litoke kwenye kile kiganja cha fokasi. Nikachukua 5D Mark III ya mtumba, ni ya 2012 hiyo, wala siyo kamera ya kuringia, lakini inakula kadi mbili na picha inaandikwa kotekote, na ina pointi 61 za fokasi, naweka pointi juu ya jicho lilipo sisogezi kitu.

Safari hii nilihesabu vizuri. Nilijua kabisa Sigma yangu itaingia lakini pembe zitakuwa nyeusi kwa sababu ni lenzi ya sensa ndogo, kwa hiyo sikuiuza 700D, nikaiacha imevaa Sigma ikawa kamera ya pili. 50 ndo ikahamia kwenye bodi mpya. Na hapo kuna kitu nilikuwa nakijua kwa hesabu ila sikuwa nimekionja, kwenye ful fremu 50 inarudi kuwa 50.

Mwaka jana mama wa Sinza kaoza wa mwisho. Sebule ileile, makochi yamebadilishwa vitambaa, friji lipo palepale. Nimeingia nimeegemea friji kwa mazoea, nikainua kamera, bi harusi kaingia mzima na gauni na viatu na mtoto mmoja aliyekaa chini anakula maandazi, ikabidi nisogee mbele hatua moja. Lenzi ileile ya laki mbili na ishirini. Nilicheka peke yangu mpaka mpambaji akaniuliza nini.

Jumatatu nikampelekea mama picha. Akakaa, akashika simu, akaanza kuikuza kwa vidole viwili kama kawaida yake, mi nimetulia safari hii sina wasiwasi, akafika kwa mdogo wake yule yule shangazi, akakuza mpaka mwisho, mvi moja moja zinahesabika, poda imeganda kwenye mikunjo ya shingo. Akaiangalia muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "hii huwezi kuirudishia mchanga kidogo?"